Vigingi Niliviacha Sawa

11 Januari

Mpwa wangu,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kuamini kwamba jua hufika juu kabisa pale saa ya mkononi inapoonyesha saa sita mchana. Saa tumeitengeneza sisi, jua halikuulizwa. Nchi nzima hufuata saa moja iliyowekwa kwa mstari mmoja wa ramani, na aliye mbali na mstari huo upande wa magharibi, kama sisi, jua humchelewea. Tena jua lenyewe halina mwendo wa askari. Kuna miezi huwahi, na kuna miezi hujivuta. Mwisho wa Januari hujivuta. Ukijumlisha machelewo hayo mawili, adhuhuri yetu ya kweli mwezi huu huja kama saa sita na nusu na dakika mbili tatu.

Umeniuliza swali zuri, ndiyo maana nimeanza na onyo. Unachora wodi ya wazazi ya vitanda ishirini, kwa sababu ile ya zamani inawachoma wenye vitanda vya dirishani mpaka wanashuka kulala sakafuni. Kompyuta ya ofisini kwenu inakuonyesha jua litakuwa wapi kila mwezi, lakini haiwezi kukusaidia ikiwa hujui kaskazini ya kiwanja chako iko wapi hasa. Ramani ya zamani inasema hivi, dira inasema vile, na dira nayo inavutwa na kila nondo iliyolala pale. Basi liulize jua lenyewe.

Simika kijiti kilichonyooka, kirefu kama mkono wako, mahali palipo tambarare. Kipime kwa timazi, kisiiname hata unywele. Funga kamba shinani mwake, uchore duara. Asubuhi kivuli kitakuwa kirefu kupita duara. Kitafupika taratibu mpaka ncha yake iguse mstari. Weka alama. Kaa, kunywa chai, usiguse kitu. Mchana kivuli kitakuwa ndani ya duara, kisha kitarefuka upande wa pili, na ncha itaugusa mstari tena. Weka alama ya pili. Unganisha alama hizo: huo ndio mstari wa mashariki na magharibi, na hukuhitaji saa wala dira. Unaoukata kwa pembe mraba ni wa kaskazini na kusini.

Ukishaupata, mengine ni mepesi. Mahali pa jua angani hutajwa kwa mambo mawili tu: liko upande gani, na liko juu kiasi gani. La kwanza utalisoma kwenye uelekeo wa kivuli, la pili kwenye urefu wake. Kivuli kikilingana na kijiti, jua liko nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini.

Usije ukafupisha kazi kwa kuchukua kivuli cha adhuhuri peke yake, ingawa nacho hulala kaskazini na kusini. Miezi hii jua hupita karibu na utosi wetu, kivuli kinakuwa kifupi, na kivuli kifupi hugeuka upesi kama mkia wa ng'ombe. Ukikosea nusu saa mwezi Juni, unapotoka kiasi. Ukikosea nusu saa sasa, jengo zima linakwenda upande, na hakuna wa kulinyoosha.

Endelea kuniandikia barua. Simu ninayo, ila masikio yamegoma.

Msalimie mama yako, mwambie kaka yake hajambo. Na baba yako.

Mjomba wako

*

17 Januari

Shikamoo Mjomba,

Nimefanya kama ulivyosema, tena Jumapili, vibarua wasije wakanikanyagia duara. Mlinzi wa hospitali alinizunguka mara tatu. Mwisho akaniuliza kama natafuta maji au nazika kitu. Nikamwambia natafuta kaskazini. Akasema, "Dada, kaskazini haijapotea, uliyepotea ni wewe," akaenda kuniletea kiti.

Baba alipita kutoka kazini, lipu imemkaukia mpaka kwenye nyusi. Akakaa juu ya rundo la matofali, akatazama kivuli saa nzima. Nilipounganisha alama mbili alitabasamu, akasema ndivyo. Nikamwambia ni wewe, Mjomba, uliyenifundisha. Tabasamu likaondoka. Akasimama, akajishika kiuno, akasema mgongo unamsumbua, akaenda zake.

Mjomba, nina jambo. Nimemwomba baba asimamie msingi wa wodi hii. Sijaona mtu mwenye jicho kama lake. Anatazama ukuta akiwa ng'ambo ya barabara na kukuambia umeinama wapi. Lakini mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni yule mwalimu mkuu wa zamani. Alinisikiliza vizuri mpaka nilipomtaja fundi wangu. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Mshazari hatagusa msingi wowote nikiwa hai." Kamati itathibitisha msimamizi tarehe 10 Februari, na baba ana miaka sitini na tano. Akiikosa hii, hatapata nyingine.

Hadithi ninayoijua ni ile anayoijua kila mtu. Madarasa manne yalijengwa yakakaa upande. Nusu ya mwaka jua liliingia asubuhi, nusu nyingine liliingia jioni, watoto wakawa hawaoni ubao kwa mwanga na hawasikii mwalimu kwa joto. Mwaka wa tatu yakafungwa, yakawa ghala la madawati mabovu. Ikasemwa kwamba fundi alisogeza vigingi vya mpima. Wakambandika jina la Mshazari, na tangu hapo hapewi msingi, anapewa lipu. Miaka thelathini anapaka kuta zilizosimamishwa na wengine. Mimi shuleni niliitwa Binti Mshazari. Nikikaa upande kwenye dawati, wenzangu walisema ni ya ukoo.

Mpima ulikuwa wewe. Sijawahi kukuuliza, kwa sababu nyumbani kwetu jambo hili halisemwi. Mama akilisikia huchukua beseni akaanza kufua hata nguo zilizo safi. Nakuuliza sasa. Baba alivisogeza?

Mpwa wako

*

21 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba duara lako lilifanya kazi. Ukitaka kuhakikisha, chora maduara matatu, moja ndani ya jingine, na ulinganishe mistari mitatu utakayoipata. Isipolingana, kijiti kimeinama.

Kuhusu upenu wa wodi, usiutoe kwa kukisia. Kwa kuwa jua letu huvuka utosi mara mbili kwa mwaka, huwa kaskazini miezi kadhaa na kusini miezi mingine, basi kuta zote mbili ndefu zinahitaji kivuli. Vitabu vingi vya ujenzi viliandikwa na watu ambao jua lao hukaa upande ule ule mmoja maisha yao yote. Usiwafuate kibubusa.

Hilo jingine uliloniuliza ni la zamani sana. Nimefika umri ambao naikumbuka vizuri namba ya chombo nilichopewa siku ya kwanza ya kazi, lakini sikumbuki nimeweka wapi miwani niliyoivaa. Kazini makosa hutokea, na mara nyingine ni vigumu kusema yalianzia mkononi mwa nani. Baba yako ni fundi hodari na sijawahi kusema vinginevyo. Lakini yaliyopita si ndwele. Mwenyekiti ni mtu wa msimamo, na ukigombana naye wodi yenyewe itachelewa. Nakushauri utafute fundi kijana, umpe msingi, na baba yako apewe lipu, ambayo anaijua kuliko wote.

Mama yako anaendeleaje na shinikizo la damu?

Mjomba wako

*

27 Januari

Mjomba,

Jana nilikwenda kwenye yale madarasa. Nilichagua siku. Jiwe lililo ukutani linasema msingi uliwekwa tarehe 28 Januari, na vigingi hupigwa siku mbili tatu kabla.

Nilikwenda na wazo la kitoto. Nilidhani nitakuta kona moja iliyoharibika, nijue ni kigingi kipi baba alikisogeza, nimsamehe, yaishe. Mtu akisogeza kigingi kimoja, kona hufunguka au hujibana, na ukipima chumba kutoka kona hadi kona vipimo viwili havilingani. Nikapima vyumba vyote vinne, nikipanda juu ya madawati mabovu na kufukuza popo. Tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa upana wa kidole. Ofisini tuna vyombo vya kupimia kwa miale ya leza na bado hatupati kona kama zile.

Jengo lile halikupindwa, Mjomba. Limegeuzwa lote kwa pamoja, kama kitanda kinavyogeuzwa chumbani. Nilichora duara lako uwanjani, nikangoja alama zangu mbili, nikapata kaskazini. Jengo limegeuka nyuzi thelathini na mbili.

Lakini kabla ya kupata alama ya pili niliona kitu kingine. Saa yangu ilipofika saa sita kamili, nilitazama kivuli cha kijiti. Kilikuwa kimelala sambamba na ukuta wa mwisho wa darasa la kwanza, kama kimepigiwa rula. Nikaita mlinzi wa shule aje aone, nisije nikasema ni macho yangu. Nusu saa baadaye kilikuwa kimekwisha kuuacha ukuta ule mbali.

Nilirudi kwenye barua yako ya kwanza, mstari wa kwanza kabisa. Uliandika "watu wengi", hukujitaja.

Ile ya pili nimeisoma pia. Ulinishauri baba apewe lipu.

Sikuulizi tena kama alivisogeza. Nakuuliza kama yeye anajua.

Mpwa wako

*

1 Februari

Shemeji,

Salamu. Sisi wazima.

Mtoto aliniwekea karatasi zake za vipimo mezani, mama yake akiwa ametoka, akaniuliza kama najua. Nikamwambia nilijua siku ile ile. Akalia. Nikampa kitambaa changu, kilikuwa na saruji, akatoka na uso kama wa kibarua. Tukacheka kidogo.

Nakuandikia kukuomba usimjibu. Walipokuja wale wakaguzi wa madarasa, dada yako alikuwa na mimba ya huyu huyu mtoto, na hakuwa na ndugu mwingine wa tumbo moja ila wewe. Nikasema moyoni, jina ni langu, naweza kuliacha. Kaka ni wake, siwezi kumnyang'anya. Sikufanya kwa hasira. Mpaka leo hajui, na afya yake unaijua.

Hili la Mshazari limenikaa kama kofia. Likivuliwa sasa, kichwa kitaona baridi. Na lipu si kazi mbaya. Ukimaliza ukuta unapitisha kiganja, unateleza kama shavu la mtoto.

Mtoto anataka nimpigie msingi wa wodi. Nimemwambia mgongo unauma. Mgongo hauumi.

Shemeji yako,
Fundi

*

6 Februari

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi,

Mimi ndiye niliyepima kiwanja cha madarasa manne miaka thelathini na mitatu iliyopita. Mstari wa kaskazini niliuchukua vibaya. Fundi alinionya kabla hatujapiga kigingi hata kimoja, nami nikamnyamazisha. Alijenga juu ya vigingi vyangu bila kusogeza chochote, na kazi yake haina kasoro. Kona za jengo lile zipo na zinaweza kupimwa leo. Uliponiuliza mbele ya wakaguzi nilijibu kwamba vigingi niliviacha sawa. Kisha nikanyamaza, nikijua mtamalizia wenyewe. Mlimalizia.

Nitafika tarehe 10 kuyasema haya kwa mdomo wangu mbele ya kamati.

Mpima ardhi mstaafu

*

6 Februari

Mpwa wangu,

Barua yako ya mwisho haikuwa na shikamoo. Niliitafuta mpaka nyuma ya karatasi, kisha nikaona kwamba nisingestahili kuiitikia.

Ndiyo, anajua. Ngoja nikuambie anavyojua, kwa sababu yeye hatakuambia yote.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimetoka chuoni, nina saa mpya ya mkononi yenye mkanda wa ngozi. Nilifika pale shuleni saa nne, nimekwisha kuchelewa alama ya asubuhi. Ningeweza kulala pale nikaanza upya kesho yake, baba yako alikuwa ameniandalia hata kitanda. Lakini lori la ofisi lilikuwa linarudi mjini saa saba, na sikutaka kulala kwenye chumba cha fundi. Basi nikaamua kuchukua kivuli cha saa sita. Nilisimama kando ya kijiti, mkono mbele ya uso, kila mtu aione saa ile.

Baba yako alikuwa amechuchumaa pembeni na nyundo. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, bado. Kuku hawajaingia kivulini." Walikuwepo kuku wa mlinzi pale uwanjani, wanachakura, naye alikuwa amewaangalia wiki nzima akisafisha kiwanja, akaona kwamba huacha kula jua likifika juu kabisa, si kabla. Vibarua watatu wakacheka. Nikadhani wananicheka mimi.

Nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mimi nasoma saa. Wewe soma kuku."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Aliinamisha kichwa, akachukua kigingi cha kwanza, akakipiga pale nilipomwonyesha. Nilipanda lori saa saba, nikiwa nimefurahi.

Hilo lilikuwa kosa, na kosa husameheka. Sikia lililofuata. Wiki moja baadaye, ofisini, nilikuwa natafuta kitu kingine kwenye kitabu cha majedwali ya jua, nikaukuta ukurasa wa Januari. Nilifanya hesabu kwa penseli pembeni mwa gazeti. Nikajua. Wakati huo kuta zilikuwa hazijafika magotini. Siku mbili za kubomoa zingetosha, pamoja na aibu ya kumwambia fundi kwamba kuku wake walikuwa wanajua kuliko mimi. Nikafunga kitabu. Nikalichana lile gazeti vipande vidogo, kana kwamba kuna mtu angekuja kulisoma.

Kwa hiyo mwaka wa tatu, wakaguzi walipokuja na mwalimu mkuu akaniuliza kama vigingi nilivipiga vizuri, sikuwa mtu aliyekosea. Nilikuwa mtu anayejua. Baba yako alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwangu, kofia mkononi. Nilisema niliviacha sawa. Mwalimu mkuu akageuka akamtazama yeye. Baba yako akanitazama mimi, akangoja. Nikatazama viatu vyangu. Ndipo akasema, "Basi itakuwa ni mimi."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema. Sijawahi kuyaandika mahali popote mpaka hapa.

Unajua mimi ni mtu wa kueleza. Wanafunzi wangu walinipenda kwa hilo, na wewe pia tangu ulipokuwa mdogo ukinijia na maswali yako. Usiku wa juzi nilianza kumwandikia mwenyekiti. Rasimu ya kwanza ilifika kurasa nne. Niliisoma asubuhi, nikaona kwamba kurasa tatu na nusu zilieleza mwendo wa jua, jinsi lilivyo gumu kulipima mwezi Januari, na jinsi hata wataalamu wakubwa hukosea. Jina la baba yako lilikuwa mara moja, chini kabisa. Nikaona nilichokuwa nafanya, na kwamba ndicho nilichokifanya kwenye barua yangu ya pili kwako, nilipokupa maduara matatu na upenu ili nisikupe jibu. Nimeichana. Hii iliyomo ndani ya bahasha ni fupi kwa sababu nimeondoa kila sentensi iliyokuwa inanisaidia.

Baba yako ameniandikia akiniomba ninyamaze. Ni barua ya mtu mwema, na ina mistari miwili ya mwisho ambayo sitakunakilia, kwa kuwa ni yake. Niliisoma nimekaa, nikaimaliza nimesimama. Mwambie nimeipokea na sitamtii. Nimemtii kwa miaka thelathini kwa sababu kunyamaza kwake kulinifaa.

Mama yako usimwambie. Nitamwambia mimi, jikoni kwake, kabla ya kwenda kwenye kamati, na wewe uwe karibu na dawa zake. Akichukua beseni nitakaa mpaka amalize kufua. Akinifukuza, nitangoja nje.

Sijui kama mwenyekiti atakubali. Ni mzee kama mimi, na si rahisi mzee kusikia kwamba alimhukumu mtu asiye na kosa. Huenda ataukasirikia mkono unaompelekea barua. Mkono huo utakuwa wako, na naomba radhi kwa hilo pia. Lakini mwambie akapime zile kona. Kona hazina shemeji.

Sasa nisikilize. Barua hizi nampa dereva wa basi la leo, zitakufikia kesho asubuhi. Mimi nitapanda la keshokutwa. Najijua: nikifika kabla mwenyekiti hajaisoma barua yangu, atanikaribisha kiti, atanipa chai, atanikumbusha siku za zamani, nami nitaanza kueleza, na tarehe 10 itapita. Nataka nikifika nikute amekwisha kujua, asinipe mkono, nisiwe na pa kugeukia.

Kwa hiyo usingoje baba yako akubali, wala usingoje nifike. Bahasha yenye jina la mwenyekiti ipeleke leo hii unaposoma haya.

Mjomba wako